Mteja Niliyekutumia

Ndugu zangu mafundi, ahsanteni kwa kufunga kazi mapema mkaja. Nimelelewa na fundi wa mifereji hapa hapa Mombasa, na kilichonisukuma nisomee sheria ya mikataba nilikiona nyumbani.

Marehemu baba akipata kazi ya kufunga tangi na pampu, upande wa stima alimwita mwenzake mmoja. Walitumiana wateja hivyo miaka mingi, kwa mdomo tu. Siku moja akapita kwenye nyumba aliyoihudumia tangu msingi, akakuta mifereji inafungwa upya. Yule mwenzake alikuwa amemleta binamu yake, kwa bei ya chini. Baba hakuteta naye. Aliacha tu kumpigia simu, na wote wawili wakapungukiwa kazi. Bado naumia nikikumbuka, kwa sababu ukurasa mmoja wa makubaliano ya maandishi ungetosha kuwaokoa.

Uandikwe nini katika ukurasa huo? Wengi wenu mliponiletea rasimu zenu mliandika hivi: “Huyu hatafanya kazi ya mifereji popote Mombasa.” Nawasihi msiandike hivyo.

Swali hili lina umri. Mwaka 1414 huko Uingereza, John Dyer, mtia rangi vitambaa, alishtakiwa kwa hati aliyoahidi asifanye kazi yake mjini kwa nusu mwaka. Jaji Hull alighadhibika, akaapa kwamba yule aliyemshtaki Dyer angekuwa pale mahakamani angemtia gerezani mpaka amlipe mfalme faini. Kumzuia mtu ufundi wake kulihesabiwa ni kumnyima riziki. Kisha mwaka 1711 ikaja kesi ya mwoka mikate wa London. Reynolds alimwachia Mitchel nyumba na tanuri kwa miaka 5, akaahidi kwamba muda huo hataoka katika parokia ile, na akivunja ahadi atalipa pauni 50. Safari hii mahakama iliukubali mkataba. Muda wake ulijulikana, eneo lilikuwa dogo, na Mitchel alikuwa amepokea kitu halisi kilichostahili kulindwa.

Mizani hiyo ndiyo tuliyo nayo Kenya, katika Sura ya 24, sheria ya mikataba inayozuia biashara. Mkataba haubatiliki kwa sababu tu una kifungu cha kumzuia mtu kazi. Lakini Mahakama Kuu yaweza kukifuta ikitazama aina ya kazi, muda, eneo na hali nzima, ikaona kinakulinda kupita unavyostahili, au kinaudhuru umma. Sasa jiulize, wewe unastahili kulindwa nini? Mji mzima si wako. Chako ni ule uaminifu uliompa mwenzako mlango wa nyumba fulani.

Na hapa nasema kwa uzito, kwa kuwa nimeona watu wazuri wakiingia mtegoni. Mafundi wawili wa kazi ile ile wakikaa wakagawana mji, wewe Nyali, mimi Likoni, hapo hamlindi mteja mliyetumiana. Mnagawana soko, na Sheria ya Ushindani ya 2010, kifungu cha 21, inakataza kugawana wateja au maeneo. Kuwa na duka dogo hakulifanyi jambo hilo kuwa dogo.

Basi andikeni hivi: “Mteja niliyekutumia, jina lake na nyumba yake vimeandikwa hapa chini. Kwa miezi 12, kazi za mifereji za nyumba hiyo utanirudishia. Ukizifanya au ukimleta mwingine azifanye, utanilipa asilimia 10 ya bei ya ufundi, bila vifaa.” Wewe wa stima nawe uandikiwe vivyo hivyo upande wako. Msiweke faini ya kutishana, ya shilingi laki tano kwa kazi ya elfu kumi. Mahakama hutaka kiasi kinacholingana na hasara, na adhabu tupu huikataa.

Napenda kipimo cha pesa kuliko katazo kwa sababu ya njia ya kudai. Katazo laweza kukupeleka Mahakama Kuu, kwa wakili na gharama. Asilimia yako ni deni la kazi, nalo waweza kulipeleka Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na sheria inaitaka imalize shauri ndani ya siku 60. Unaweza kujisimamia mwenyewe. Kwa hiyo kila mteja unayemtuma, mtumie mwenzako ujumbe wenye jina, nyumba na tarehe, akujibu “nimempokea”. Usiufute.

Kuna mzee ameniuliza pale nje: mteja mwenyewe akimwita binamu, bila kushawishiwa na mtu? Mzee wangu, huyo ni huru. Karatasi yenu inawafunga ninyi wawili mlioitia saini, na yeye hakuitia.