Mabehewa Saba

Mabibi na mabwana, wengi wenu mmeshachoka kunisikia nikimtaja Ford Madox Ford, yule mwandishi na mhariri Mwingereza, na leo mtachoka zaidi, kwa kuwa bado naletewa miswada ambayo mhariri amesahihisha koma zake zote bila kuisoma.

Mwaka 1909, jijini London, Ford alikuwa akihariri The English Review, jarida alilolianzisha mwishoni mwa 1908, alipoletewa maandishi ya mwalimu wa shule asiyejulikana, D. H. Lawrence, yaliyotumwa na rafiki yake Jessie Chambers. Ford alisimulia baadaye kwamba aliisoma aya ya kwanza tu ya hadithi ya “Odour of Chrysanthemums”, akautia mswada katika kikapu cha iliyokubaliwa. Aya hiyo inaanza na kichwa kidogo cha garimoshi, namba 4, kikivuta mabehewa saba yaliyojaa. Namba, alisema Ford, inaonyesha mtu anayejua kwamba kwa wanaofanya kazi na vichwa vya garimoshi, kila kichwa kina nafsi yake. Mwandishi mzembe angeandika “mabehewa kadhaa”, huyu amehesabu. Tena kichwa chenyewe kinakuja kwa vishindo vya kutisha, kumbe mwanafarasi kiliyemshtua anakiacha nyuma bila hata kutimua mbio. Basi Ford akajua kwamba huyu anakifahamu anachokiandika.

Mtaniambia kwamba Ford alikuwa mtia chumvi. Naam, wala hakuficha: mwaka 1911 alikiri kwamba kumbukumbu zake zimejaa makosa ya matukio, ila picha iliyomkaa moyoni ni sahihi kabisa. Chambers mwenyewe alikumbuka kwamba alichotuma ni mashairi, na hadithi ile ilichapishwa Juni 1911, Ford akiwa ameshakipoteza kiti cha uhariri. Kikapu kitilieni shaka mpendavyo; aya ipo, nendeni mkayahesabu mabehewa.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Basi Paris ya 1924 nairuka, pamoja na The Transatlantic Review na Hemingway aliyemsaidia kuihariri, ila mjue kwamba ni Ford aliyempa mwandishi wa riwaya Jean Rhys jina hilo la uandishi. Mwaka 1937 alikwenda kufundisha katika chuo cha Olivet, Michigan, na Juni 1939 akafia Deauville, Ufaransa. Juu ya Olivet nilikuwa nimeandaa kurasa sita, nazo narudi nazo nyumbani. Mwenye mswada anifuate pale mlangoni, lakini aniletee aya ya kwanza tu.