Skuli Si Pahala pa Mali Iliyododa

Mhadhara uliotolewa mbele ya wafanyabiashara wa Pemba, Chake Chake, baada ya sala ya alasiri

Bismillahi Rahmani Rahim. Assalaam alaykum.

Mabibi na mabwana, walimu wetu mliokaa nyuma (na sijui kwa nini walimu kila wakialikwa pahala hukimbilia viti vya nyuma, njooni mbele jamani, nafasi ipo), na nyie wenzangu wa madukani, ambao najua jicho moja liko kwangu na jengine liko kwenye simu mnamwangalia kijana mliyemwachia meza. Sitowaweka sana.

Nimetakiwa nizungumze juu ya nafasi ya mfanyabiashara katika kuzisaidia skuli za serikali. Mie si mtaalamu wa elimu. Nauza vifaa vya ujenzi: saruji, bati, nondo, misumari, rangi. Basi nitaanzia kwenye rangi.

Miaka kadhaa nyuma alinijia Maalim mmoja, mwalimu mkuu wa skuli ya msingi ya shamba. Skuli yenyewe sitoitaja. Alikuja kwa bodaboda, mkononi kashika daftari la mistari limekunjwa kati. Ndani yake ameandika vitu vitatu kwa hati nzuri ya kimaalim: vitasa viwili, bawaba sita, mbao za kutengenezea rafu. Akanieleza kwamba vitabu walivyoletewa vimepangwa chini sakafuni ofisini, mlango haufungi, na masika ikikolea maji yanapita chini ya mlango yanaingia mpaka kwenye vitabu. Nikapiga hesabu kichwani. Vitu vyake vyote havikufika faida yangu ya siku moja njema.

Sasa ghalani nilikuwa na makopo arubaini ya rangi ya zambarau iliyopauka. Mteja aliagiza, akaghairi, na Pemba nzima hakutokea mtu mwengine wa kuitaka. Yamekaa pale zaidi ya mwaka, vumbi juu, panya wamezalia nyuma yake. Nikamwambia, "Maalim, wacha hivyo vidogo. Mie nitakufanyia kubwa. Nitakupakia rangi skuli nzima."

Alinyamaza kidogo. Akalikunja daftari lake, akasema, "Ahsante bwana, Mungu akuzidishie." Nikadhani furaha imemzidi.

Tukapeleka rangi, tukatundika bango lenye jina la duka, watoto wakapangwa mistari, picha zikapigwa. Mimi mwenyewe ndiye ninayewauzia watu rangi, nikijua ile ilikuwa rangi ya ndani, nikaipaka nje. Baada ya masika mbili ikabambuka kama ngozi ya mtu aliyeunguzwa na jua. Vitabu navyo vilikuwa vimeshaota ukungu zamani. Vitasa ilivinunua kamati ya skuli, kwa michango ya wazee wanaouza muhogo.

Nimeisema hii kwa sababu naamini kila mmoja humu ndani ana rangi yake ya zambarau. Yuko aliyetoa tangi la maji lenye nembo yake pande zote mbili, likawekwa chini pasipo bomba wala mnara, leo mbuzi wanapumzikia kivuli chake. Yuko aliyetoa kompyuta kumi. Kompyuta zinataka umeme, umeme wenyewe ni wa Tukuza, ule wa kulipia kabla ya kutumia, na hakuna aliyeuliza nani atatia hizo yuniti kila mwezi. Umeme wa gridi umevuka bahari kutoka Tanga tangu 2010, lakini kutoka kwenye nguzo mpaka kwenye chumba cha kompyuta ni safari nyengine, nayo inalipiwa. Chumba kimefungwa. Ufunguo anao mtu ambaye amehamishwa.

Sisi kutoa tunajua. Ramadhani ikiingia, tende, mchele na sukari vinatoka madukani humu kwa magunia, na hakuna anayemlazimisha mtu. Lakini futari inaliwa ikaisha, na mwakani unatoa tena. Skuli haiendi hivyo. Skuli ni kama nyumba yenye watu mia tisa wanaoingia na kutoka kila siku, wanavunja kitasa, wanang'oa bawaba, wanaziba choo. Haikusudii kukuchosha, ndivyo ilivyo nyumba yenye watoto.

Wengi wetu humu tumesoma bure. Tarehe 23 Septemba 1964 ilipotangazwa elimu bila malipo, wazazi wetu walipumua. Mimi baba yangu hakumlipa mtu hata senti kwa ile hesabu ya kutoa na kujumlisha ninayoitumia kila siku kuwahesabia chenji. Ila neno bure limetuharibu kidogo. Tunasema "skuli ya serikali" kama kwamba serikali ni mtu anayekaa ng'ambo, ana watoto wake wanaosoma pale, na sisi ni wapita njia.

Hapa nataka niwahadithie mfanyabiashara mmoja wa Marekani, maana habari zake zimenikera kwa namna nzuri. Julius Rosenwald, mkuu wa kampuni ya Sears, Roebuck ya Chicago, iliyokuwa ikiuza kila kitu kwa posta: mtu yuko shamba, anachagua kwenye kitabu cha bidhaa, analetewa. Kule kusini ya Marekani watoto weusi walikuwa wakisomea kwenye vibanda na makanisani, maana serikali za huko ziliwatengea makombo. Rosenwald akakutana na Booker T. Washington, mtu aliyezaliwa mtumwa akaja kuongoza chuo cha Tuskegee, Alabama. Mwaka 1912 wakaanza na skuli ndogo sita. Ilipofika 1932, mwaka aliokufa Rosenwald, zilikuwa karibu 5,000, katika majimbo 15.

Mie kilichonishika ni masharti yake kuliko hiyo idadi. Alikataa kujenga peke yake. Alisema: nitatia fedha zangu, lakini wenyeji nao watie, na serikali ya pale itie, kisha skuli iwe mali ya umma, mwalimu alipwe na umma. Watu wakachanga. Wasio na fedha walitoa mbao, ardhi, nguvu za mikono. Mwisho wa hesabu, michango ya wale watu weusi maskini ilizidi kidogo fedha za tajiri, na fungu kubwa kuliko yote lilitoka kwenye kodi. Maana yake fedha zake alizifanya chambo. Pale ambapo serikali ilikuwa haitaki kutoa, aliibana mpaka ikatoa. Ubaguzi haukuondoka kwa skuli zile, tusijidanganye. Ulihitaji mapambano mengine. Lakini watoto walisoma.

Na kuna kitu ambacho muuza vifaa vya ujenzi hakiwezi kumpita. Zile skuli zilikuwa na ramani zake, na madirisha makubwa yalipangwa kufuata jua, kwa kuwa umeme hamna na mtoto lazima aone ubao. Mtu alikaa akafikiri mwanga utaangukia wapi juu ya daftari. Mie nilipaka ukuta wa nje zambarau.

Sisi Wapemba utaratibu huo si mgeni kwetu. Watu wa shehia wanachimba msingi, wanabeba mawe na mchanga, wanapandisha kuta mpaka kwenye linta, halafu serikali inapaua na kumalizia. Ni desturi yetu ya miaka. Pahala panapokwama panajulikana: kuta zimesimama, wananchi wameishiwa, fungu la serikali halijafika, mvua inashuka juu ya matofali mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Hapo katikati ndipo mfanyabiashara anapotakiwa. Badala ya kuanza jengo jipya lenye jina lako, mkamatie mkono aliyekwama.

Na hizi skuli za ghorofa zinazojengwa miaka ya karibuni, Unguja na Pemba, tumezifurahia sote. Lakini choo cha ghorofa ya pili kinataka maji yapande juu, pampu ikiharibika kinakuwa balaa kuliko choo cha shimo. Wazee wetu walilijua hili kabla yetu. Mtu alikuwa akiweka wakf minazi, mavuno yake yanunue mafuta ya taa ya msikiti. Alifikiri mafuta, alijua msikiti tayari upo. Sijasikia humu ndani mtu aliyeweka mlango mmoja wa duka, kodi yake iwe ya kutengeneza vyoo vya skuli. Kamisheni ya Wakf ipo, masheha wapo, mashekhe wa kutufundisha utaratibu wapo. Mwenye milango sita ataumia nini akiutoa mmoja?

Sasa niseme lililo gumu, na mtaniwia radhi.

Mie nauza kokoto. Mnaokwenda Micheweni mnayaona yale marundo kando ya barabara, na vibanda vya makuti, na kina mama wamekaa na nyundo. Pembeni yao watoto. Lori langu lilikuwa likifika saa nne za asubuhi kupakia. Saa nne za asubuhi mtoto anatakiwa awe wapi? Nilikuwa natoa rangi kwa skuli kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwengine nanunua kokoto zilizovunjwa na mwanafunzi wa skuli hiyo hiyo.

Nikamwambia dereva, rundo lenye mtoto usilinunue. Nikajiona nimefanya jambo. Wiki ya pili mama mmoja alimsubiri dereva barabarani, akapanda lori mpaka dukani kwangu. Akaniambia, "Huyu mwanangu zamu yake ya skuli ni mchana. Asubuhi ulitaka akae wapi? Na mwenye kumnunulia daftari ni hizi kokoto." Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina jibu zima. Mikondo miwili ipo kwa kuwa vyumba havitoshi. Vyumba havitoshi, mtoto ana asubuhi nzima mikononi, nyundo ipo, mnunuzi yupo. Nilichofanya nimeongeza bei ya ndoo kwa watu wazima, na dereva sasa anapakia jioni, na najua si tiba. Lakini angalau nimelijua tatizo mpaka sura yake.

Wenye mashamba ya karafuu nanyi msitazame chini. Msimu ukifika, karafuu hazingoji, zikifunguka bei imekwenda, na ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, hawanunui maua. Mtoto mwepesi anapanda tawi ambalo mtu mzima analivunja, nafahamu. Na pishi anazochuma mnamlipa. Ila darasa linabaki na walimu na madawati. Wenye vyombo vya uvuvi, vijana wenu wa dago, wanaopiga kambi ya uvuvi, wana miaka mingapi? Kabla ya kuulizana nani ametoa nini, tuulizane nani ameacha kuchukua.

Kodi sitaki kuisema sana, maana nawaona mmeanza kuangalia saa. Nitasema hivi tu: mtu anayempa mteja bei mbili, ya risiti na ya bila risiti, halafu anakwenda skuli kukabidhi madawati mbele ya kamera, huyo ameirudishia skuli kipande tu cha mali ya skuli yenyewe.

Linalobaki ni lile tunaloliweza na halina gharama: kazi yetu wenyewe. Mwaka juzi nilizungumza na mwalimu wa biashara wa sekondari moja, tukakubaliana likizo ikifika vijana wanne wa kidato cha tatu waje dukani kwangu wiki mbili. Wanajua debiti na krediti kwa kukariri, kama watoto wa chuo cha Kurani wanavyokariri juzuu kabla ya kujua maana. Risiti ya kweli hawajapata kuishika. Siku ya kwanza walihesabu misumari kwa kilo, wakagundua mizani yangu inapunja. Inanipunja mimi, alhamdulillahi, si mteja.

Siku ya nne nikawapa vitabu vya zamani wavipitie. Binti mmoja, mdogo wa umbo, anaandika huku kauma ulimi, akaniita.

"Ami, hapa pana makopo arubaini ya rangi yametoka ghalani. Hayakuuzwa, hayakuvunjika. Umeyaandika chini ya matangazo."

Nikamwambia ndiyo.

"Yalitangaza nini?"

Wenzake watatu wakanyanyua vichwa. Kalamu ilikuwa mkononi mwake, inangoja. Nikamwambia apige mstari hapo, aandike mali iliyododa. Akapiga mstari kwa rula.

Maalim wa kule nyuma, nimeuona mkono wako muda mrefu. Simama, sema. Na kama una daftari, njoo nalo mbele.