Elephant and Castle usiku: wazee wa bingo wamekwenda wapi?

Mtwara kuchele! Ndugu zangu wa Chikongola, Magomeni, Ligula, na mama yangu pale Shangani, shikamoo mama. Huku London ni saa saba usiku, huko kwenu saa kumi, mwadhini anakaribia kushika kipaza sauti. Nimetoka kazini sasa hivi, wengi mnajua nasafisha ofisi, na leo natembea nanyi kwenye video hii mpaka kituo cha basi.

Hapa ni Elephant and Castle, kusini mwa mto Thames. Pale kwenye maghorofa mapya palikuwa na jengo la maduka lililofunguliwa mwaka 1965. Watu walilisema kwa ubaya wake, na sura kweli halikuwa nayo, ila ndani mlijaa watu. Wakolombia na Waekwado walipika, wakatengeneza simu, wakatuma pesa kwao kama sisi tunavyotuma. Na juu kulikuwa na ukumbi wa bingo. Unanunua karatasi yenye namba, mtu anazitaja moja moja, ukitimiza mstari unapiga kelele. Ndiyo ilikuwa baraza ya wazee! Huko kwetu wazee wana bao na kahawa, huku bibi aliyestaafu alikuwa na karatasi yake na kikombe cha chai, na wenzake wa kumuuliza goti linaendeleaje.

Tarehe 24 Septemba 2020 milango ikafungwa. Wafanyabiashara baadhi walipata vyumba hapa jirani, wengine wakatawanyika. Bingo haikurudi. Jirani yangu, bibi wa Kijamaika mwenye miaka sabini na ushee, hakukosa Alhamisi hata moja. Sasa saa moja jioni keshafunga mlango, nasikia televisheni tu ukutani. Linaniuma sana hili. Vijana wakifungiwa ukumbi wanapanda basi kwenda mtaa mwingine. Yeye na goti lake aende wapi?

Upande huu kulikuwa na Coronet, jengo ambalo historia yake ya maonyesho inarudi mpaka 1872, hata Charlie Chaplin, yule mchekeshaji wa sinema za zamani, alipanda jukwaa lake. Lilifungwa Januari 2018.

Lakini klabu ya Ministry of Sound ipo, tangu 1991. Maghorofa ya kuishi yalipotaka kujengwa mkabala nayo, wenye klabu waliona mbali: wapangaji watakuja, watalalamika, sisi tutafungwa. Wakapigana miaka. Mwisho yakafikiwa makubaliano ya kisheria kwamba anayenunua nyumba pale anakubali kelele iliyomtangulia. Nililipenda jambo hili. Mtu hawezi kununua kiwanja kando ya uwanja wa ngoma, halafu msimu wa unyago ukifika aende kushtaki kwa mtendaji!

Mimi klabuni siingii. Ninachokitafuta usiku ni taa na watu. Treni za usiku zipo tangu 2016, Ijumaa na Jumamosi, lakini haziji kwenye tawi letu la reli, kwa hiyo sisi wa zamu tunategemea basi. Kutoka ofisini mpaka kituoni, kila mlango ulio wazi na mtu amesimama nje unanipunguzia hofu. Ule ukuta mrefu tuliopita, mmeona nilivyoharakisha? Zamani hapo palikuwa na wauza chakula.

Nesi anayetoka zamu hospitali ya Ligula ananielewa. Mama wa pweza, yule anayeuza pweza usiku, akiwasha taa yake pembeni, njia inapitika. Kwa hiyo ndugu zangu, mkionyeshwa ramani ya jengo jipya, zuri, la vioo, ulizeni mapema: mama wa pweza atakaa wapi, na wazee wa bao je? Ulizeni kabla nguzo hazijasimamishwa, kwa sababu hapa waliuliza kwa nguvu, na bado bingo imekwenda.

Basi langu lile linakata kona. Mama, ukishaswali nitumie sauti, uniambie yule mama wa pweza wa njia ya kwetu siku hizi anafunga saa ngapi.