Barua Zitarudi, Majina Je?

Shikamooni wakubwa, na vijana habari zenu. Mlionisikia Uyole na Mafinga mnivumilie, leo naimba wimbo ule ule. Tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, maofisi yetu hapa Mbeya yanabeba kompyuta kwenda kupigwa Windows upya. Sawa, pigeni. Ila fundi akikuuliza vitu vyako viko wapi, usimjibu "Desktop na Documents" ukaondoka. Mara nyingi barua pepe hazikai huko, wala majina ya watu unaowaandikia.

Kuna chama kimoja cha wakulima wa kahawa, Mbozi. Katibu muhtasi wao ni mama makini, kila mnunuzi ana folda yake. Fundi akamkopia kila kinachoonekana kwa macho, akafomati, akapiga Windows mpya. Mama akauliza, "Na barua zangu?" Akajibiwa, "Mama, ondoa shaka, akaunti yako ni IMAP, barua ziko kwenye seva, kompyuta ya mbali ya wenye huduma." Na kweli! Fundi akaweka Thunderbird, programu ya kusomea na kuandikia barua pepe, akajaza anwani na nywila, barua zikaanza kushuka hadi za miaka ya nyuma. Fundi akachukua chake, huyo. Jumatatu mama anataka kumpelekea mnunuzi wa nje bei. Anaandika herufi tatu za mwanzo, kama alivyozoea, jina lijitokeze lenyewe. Kimya. Anafungua kitabu cha anwani, cheupe. Hakuna hata mtu mmoja.

Hapa ndipo ninapogombana na mafundi kila siku. IMAP inabeba barua, haibebi majina! Kitabu cha anwani cha Thunderbird ni faili inayoitwa abook.sqlite, na wale ambao programu inawaokota yenyewe ukiwaandikia wamo kwenye history.sqlite. Zote zinakaa kwenye diski yako, ndani ya AppData, folda ambayo Windows imeificha. Hukuiona, hukuikopi, umefomati, basi imekwenda. Hata Outlook, programu ya barua ya Microsoft, ukiitumia kwa IMAP, folda ya majina imeandikwa pembeni kabisa kwamba ni ya kompyuta hii tu. Imeandikwa! Nani anasoma?

Najua kuna kijana pale nyuma anasema moyoni, "Mzee, si kuna Windows.old, folda inayotunza vitu vya Windows ya zamani?" Ipo, mwanangu, kama Windows mpya imepigwa juu ya ile ya zamani bila kufuta diski, na hata hivyo mfumo wenyewe huiondoa baada ya siku 10. Sasa niambie, umewahi kumwona fundi wa Mwanjelwa ambaye hafuti diski? (Kicheko.)

Haya, andikeni. Funga Thunderbird kwanza. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika %appdata%, utaingia moja kwa moja Roaming, iliyo ndani ya ile AppData iliyofichwa. Kopi folda ya Thunderbird yote, narudia, yote, siyo Profiles peke yake, maana profiles.ini iko nje ya Profiles na ndiyo inayoiambia programu pa kuangalia. Weka kwenye diski ya nje. Windows mpya ikishakaa, sakinisha Thunderbird lakini usiifungue. Rudisha folda yako pale pale Roaming, ndipo ufungue. Ikifunguka tupu usianze kujaza akaunti upya. Ifunge, bonyeza tena Windows na R, andika thunderbird -P, uchague profaili ya zamani, yaani mkusanyiko wa barua, majina na mipangilio yako. Nywila nazo zinarudi humo humo, mradi logins.json na key4.db zimekuja pamoja. Ukiwa na moja tu, huna kitu.

Wa POP, yaani akaunti inayoshusha barua kwenye kompyuta yako, nyie mna hatari zaidi. Kama akaunti iliwekwa isiache nakala kwenye seva, barua zenyewe ziko kwako tu, duniani hakuna kwingine. Na nimeona mtu anakopi Inbox.msf, anaacha Inbox isiyo na nukta wala herufi mwishoni, akidhani ni takataka. Hiyo ndiyo yenye barua! Ile ya msf ni faharasa, programu inaweza kuitengeneza upya. Wa POP mnaotumia Outlook tafuteni faili inayoishia na .pst, ndiyo yenye barua, kwa kawaida iko Documents, ndani ya Outlook Files. Sina muda nayo zaidi.

Mnauliza yule mama aliishia wapi. Tulikwenda kwenye Sent, folda ya barua zilizotumwa. Kila aliyewahi kumwandikia yumo, tukawa tunafungua barua, tunabofya anwani, tunaongeza kitabuni, kutwa nzima. Lakini namba za simu alizokuwa ameziandika pembeni ya majina hazikupatikana.

Mambo ya simu, majina kwenye laini au kwenye akaunti ya Google, naambiwa muda umekwisha, tutakutana. Waliokuja na laptopu wabaki. Fungua kitabu cha anwani, chagua Export, weka vCard, aina ya faili ya kutunzia majina na anwani, na flashi iwe mezani. Iliyojaa muziki tutaifuta hapa hapa.