Tengeneza tundu la bakteria kwa paipu na slipa kuukuu

Habari zenu. Niko Kondele, Kisumu, na hapa mezani nina paipu ya maji, slipa iliyokatika mkanda, ndengu na maharagwe. Leo tunaunda porini. Si kule porini kwa nyani na swala, la! Porini ni protini yenye tundu katikati, imekaa kwenye utando wa nje wa bakteria kama E. coli. Sukari huingilia humo, na dawa nyingi za kuua bakteria huingilia mlango huohuo.

Kwanza, paipu ya plastiki ya inchi moja. Kata vipande vitatu vya urefu wa kiganja, uvifunge pamoja kwa tyubu kuukuu ya baiskeli. Ni vitatu kwa sababu porini iitwayo OmpF hukaa tatutatu, kila moja na tundu lake. Ukuta wake umefumwa kwa nyuzi 16 za protini; ukipenda, zichore kwa kalamu.

Sasa hapa tusikimbie, maana paipu tupu haifundishi kitu. OmpF ina kitanzi, cha tatu kwa hesabu, ambacho hakitulii nje kama wenzake. Hujikunja, kikaingia ndani ya tundu na kulibana katikati, hadi nafasi ikabaki kama nanomita 0.7 kwa 1.1 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Kwa hiyo pasua ubavu wa paipu kwa kisu kilichopashwa moto (wanafunzi wangu, hiyo kazi mwachieni mtu mzima). Kata ukanda wa soli ya slipa, ambao ndio kitanzi chetu, ukunje, upenyeze pale. Sukuma kidogokidogo mpaka maharagwe yapite moja moja tu. Fanya hivyo kwenye paipu zote tatu.

Mwaga ndengu: zinapita. Hizo ni sukari. Mwaga maharagwe, ndiyo dawa: yanasuasua, lakini yanapita.

Tuharibu kidogo. Chukua ushanga mmoja, ubandike kwa gundi kwenye ncha ya slipa ndani ya paipu moja. Subiri ikauke, mimi mara ya kwanza sikusubiri, nikabaki nimeshikamana na paipu. Mwaga tena. Ndengu zinashuka, ila maharagwe... sogeza kamera hapa. Umeona lile la pili lilivyolala kimshazari? Limeziba.

Ushanga huo ni badiliko la asidi amino moja, yaani kipande kimoja kati ya vile vinavyounganishwa kuwa protini. Nafasi ya 119 ya OmpF ina glisini, ambayo ni ndogo kuliko zote, haina hata mkono. Ikibadilika kuwa aspateti, asidi amino nyingine, unachomoza mkono wenye chaji hasi, palepale penye kubana. Njia inakuwa nyembamba, na umeme wa ndani ya tundu nao unabadilika. Klebsiella, bakteria mwingine, akiwa sugu kwa dawa hufanya jambo la jirani: porini yake ya OmpK36 huongezewa asidi amino mbili kwenye kitanzi hichohicho, na meropenemu, dawa ya kuua bakteria, ikapata shida kuingia.

Kila darasa huniuliza: mbona bakteria asizibe tundu kabisa? Wapo wanaoipoteza porini nzima, lakini mlango wa dawa ndio wa chakula. Kuubana kunamfaa zaidi.

Bandika ushanga mwingine mdomoni mwa paipu ya pili, kwa nje. Mwaga. Hakuna tofauti. Badiliko ni lilelile, mahali ndipo pamehama.

Paipu ya tatu. Ukutani, mkabala na slipa, toboa na uchomeke njiti tatu za kiberiti. Hizo ni arjinini, asidi amino zenye chaji chanya, zinatazamana na chaji hasi za kitanzi. Watafiti waliwanyima E. coli njia yao maalumu ya sukari ndefu, wakawaachia sukari hizo ziwe chakula. Waliofaulu kukua walikuwa na OmpF iliyobadilika, kwa mfano kwenye arjinini ya 82 au ya 132, na tundu likapanuka. Wakashiba, ila dawa nazo zikawaingia kwa urahisi kuliko awali.

Ng'oa njiti moja tu kwanza. Mwaga kiganja kimoja cha maharagwe, hesabu yaliyopita, halafu ng'oa ya pili uhesabu upya.