Uthabiti wa Ukokotoaji: Somo la Nondo Moja

Ndugu Mwenyekiti, wahadhiri wenzangu, wanafunzi na wageni waalikwa,

Mwanafunzi wangu wa hisabati tumizi haruhusiwi kufungua kompyuta kabla hajakokotoa kwa mkono namna joto linavyosambaa katika nondo, na leo naomba kueleza kwa nini nalishikilia sharti hili ambalo wengi huliona kuwa la kupoteza muda.

Chukueni nondo ndefu yenye nyuzi 0 kote, isipokuwa kipande kimoja cha katikati chenye nyuzi 100. Tunaigawa katika vipande vilivyo sawa, kisha kila baada ya hatua ya muda tunatafuta joto jipya la kipande kutokana na joto lake na la majirani wake wawili. Hatua ikiwa fupi vya kutosha, kipande hubaki na nusu ya joto lake na kupokea robo ya joto la kila jirani: katikati panashuka hadi 50, halafu 37.5, kama chuma kinavyopoa kweli. Sasa irefusheni hatua hiyo mara nne bila kugusa kanuni: robo inakuwa nzima, na kipande kinampa kila jirani joto lake lote. Katikati panaanguka hadi hasi 100, kisha panaruka hadi 300, ilhali hakuna aliyewasha moto wala aliyekosea kujumlisha.

Kilichopotea ni uthabiti, yaani sifa ya ukokotoaji kutoruhusu makosa madogo yakue kila hatua hadi yalipuke. Kwa njia hii, anayekata vipande kwa nusu ili apate picha safi zaidi analazimika kufupisha hatua mara nne, na kazi yote inaongezeka mara nane. Wanahisabati Courant, Friedrichs na Lewy walikwisha kuonyesha mwaka 1928, kabla ya kompyuta za kielektroniki, kwamba hatua haichaguliwi kiholela. Mwaka 1947 Crank na Nicolson walitoa njia ya kukokotoa vipande vyote kwa pamoja, ambayo hailipuki hata hatua ikiwa ndefu. Lakini uthabiti, nasisitiza, si usahihi.

Mlinganyo huohuo wa kusambaa kwa joto hueleza jinsi shinikizo la maji ya ardhini linavyoshuka kisima kinapovutwa kwa pampu, na huko ndiko utafiti wangu uliko. Nyuzi 300 humshtua hata mtoto, ila kina cha maji kilichokosewa kwa mita mbili hakimshtui mtu, na kisima huchimbwa. Kwa hiyo kila jedwali linaloletwa ofisini kwangu sharti liambatane na la pili, lililokokotolewa kwa hatua iliyopunguzwa kwa nusu. Majibu yakipishana mno, hatuanzi kuzungumzia kisima.