Fedha za Vibali Zinakwenda kwa Nani? Mashirika ya Umeme ya Marekani na Muswada wa 2009

Ndugu mwenyekiti, ndugu wasikilizaji, asanteni kwa kunialika.

Nimeombwa nieleze kwa nini mashirika makubwa ya umeme ya Marekani, mwaka 2009, yaliunga mkono muswada wa tabianchi ambao wengi walidhani yangeupiga vita. Muswada huo uliletwa na Henry Waxman wa California na Edward Markey wa Massachusetts. Ulitaka gesijoto, yaani gesi zinazoongeza joto la dunia, zishuke kwa asilimia 17 chini ya kiwango cha 2005 ifikapo 2020, na kwa asilimia 83 ifikapo 2050. Serikali ingeweka kikomo na kutoa vibali, kila kibali tani moja. Mwenye mtambo angewasilisha kibali kwa kila tani aliyoitoa hewani. Akipunguza moshi wake, angeuza vibali vilivyobaki. Wenye mitambo waliujua utaratibu huo: tangu 1995 walikuwa wakiuziana vibali vya salfa-dioksidi chini ya sheria ya kudhibiti mvua ya tindikali.

Sasa tuchukue bili moja tuikague. Nyumba ya kawaida Marekani hutumia kama uniti 900 kwa mwezi. Umeme wa makaa ya mawe hutoa takriban tani moja ya hewa ya ukaa kwa kila uniti 1,000. Tuseme kibali kinauzwa dola 15. Nyumba inayotegemea makaa matupu inaongezewa dola 13 na nusu kwa mwezi. Ya gesi asilia, dola tano na kitu. Ya umeme wa maji, kama zilivyo nyumba nyingi za jimbo la Washington, haiongezewi kitu. Indiana wakati ule ilipata zaidi ya asilimia 90 ya umeme wake kwenye makaa. Mjane wa Indiana hakuchagua makaa, mitambo aliikuta. Hiyo ndiyo hoja ya kwanza ya mashirika, kwamba mteja wa makaa asibebeshwe mzigo asioutaka, nami naikubali bila kusita.

Hoja ya pili inataka umakini zaidi. Walisema: tupeni vibali bure, bili zisipande. Bure kwa nani? Ulaya ilikuwa imeshalijaribu jambo hilo. Mwaka 2005 wazalishaji wa umeme huko walipewa vibali vingi bila malipo, na bei ya umeme ikapanda vilevile. Sababu ni ya kibiashara tu. Kibali ulichopewa bure kinauzika. Ukikitumia kufua umeme, umeikosa ile bei ambayo ungekiuzia, kwa hiyo unaiingiza kwenye bei ya umeme. Mteja akalipa, faida ikabaki kwa mzalishaji. Inaniuma kila nikilieleza hili, maana waliolipa hawakuambiwa wanalipia nini. Kuanzia 2013, katika nchi nyingi za Umoja wa Ulaya, wazalishaji wanapaswa kununua vibali vyao mnadani.

Wamarekani walipita njia nyingine. Sehemu kubwa ya vibali vya bure, takriban asilimia 30 ya vibali vyote katika miaka ya mwanzo, ingekwenda kwa kampuni za usambazaji, zile zenye nyaya na mita, ambazo bei zao kwa kawaida hupitishwa na tume ya jimbo. Thamani ya vibali ingerudi kwa wateja chini ya macho ya mdhibiti. Kuvigawana kulikuwa na mvutano wake. Kampuni yenye nyuklia nyingi, kama Exelon, ingenufaika mgawo ukifuata mauzo. Yenye makaa mengi, kama Duke Energy, ukifuata tani za moshi. Wakaafikiana nusu ifuate mauzo, nusu ifuate tani. Muswada ukakataza pia fedha hizo zirudishwe kwa kufuata wingi wa uniti peke yake, kwani kila uniti ikipunguzwa bei, nani atakumbuka kuzima taa?

Wapinzani wakatangaza kwamba kila familia ingelipa zaidi ya dola 3,000 kwa mwaka. Hesabu hiyo ilichukua fedha zote za vibali ikazigawa kwa idadi ya nyumba, kana kwamba zikishakusanywa zinatoweka. Ofisi ya Bajeti ya Bunge, Juni 2009, ilipozingatia fedha zinazorudi, ilipata wastani wa dola 175 kwa nyumba mwaka 2020, na sehemu moja ya tano ya nyumba, zile zenye kipato cha chini kabisa, kila moja ingepata nafuu ya kama dola 40. Tofauti yote hiyo inatokana na swali moja: fedha za vibali zinaishia mfukoni mwa nani?

Tarehe 26 Juni 2009 muswada ulipita Baraza la Wawakilishi kwa kura 219 dhidi ya 212. Seneti haikuupigia kura. Julai 2010 viongozi wake waliachana na jambo hilo.

Aliyeendelea na kazi ni California, ambako kikomo kilianza 2013. Kampuni kubwa za binafsi za umeme huko hupewa vibali bure, lakini lazima zivipeleke mnadani, na mapato yakarudi kwa wateja. Tangu 2014 nyumba za wateja wao zimekuwa zikiona kwenye bili mstari wa punguzo la tabianchi. Ndani ya kampuni moja, mwenye kiyoyozi vyumba vyote na mwenye feni moja wanapata kiasi kilekile, huku bei ya kila uniti ikibaki na gharama ya moshi wake. Mimi hapo ndipo ninapoona mjane yule angetendewa haki.

Maswali, karibuni.